Khuffu za Dukani: Jozi Tatu Mbele ya Masharti ya Fiqhi

Katika maduka ya Kariakoo yanayouza kanzu, kofia, miswaki na mafuta ya manukato, khuffu za ngozi, yaani viatu vya mfano wa soksi vinavyopanda juu ya vifundo na ambavyo mwenye kutawadha hupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu, hazikosekani siku hizi, na wauzaji wa mitandaoni huzituma hadi mikoani kwa mabasi. Maboksi yake huandikwa kwamba ni za Sunna, au kwamba zinafaa kupakwa maji wakati wa udhu, na mnunuzi wa kawaida huishia hapo: akiona ngozi, zipu na maandishi ya Kiarabu, hutoa pesa. Tathmini hii imeandikwa kwa ajili ya mnunuzi huyo. Nimezivaa jozi tatu za aina tofauti, Dar es Salaam na katika safari za Nyanda za Juu Kusini, nikazipima kwa masharti ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, na pale ambapo madhehebu mengine yana wepesi au ugumu nimelisema hilo. Majina ya viwanda na maduka nimeyaacha, kwa kuwa bidhaa ile ile huuzwa kwa nembo tofauti, na mtu akishajua cha kuangalia hahitaji tena kuongozwa na nembo.

Ruhusa yenyewe haina utata mbele ya Ahlu-Sunna. Al-Mughira bin Shu'ba (r.a.) alikuwa akimhudumia Mtume (s.a.w.) kwa maji ya udhu katika safari ya Tabuk, alipoinama ili amvue khuffu, Mtume alimwambia aziache kwa kuwa alizivaa miguu ikiwa tohara, yaani imeoshwa kwa udhu, kisha akapaka maji juu yake. Jarir bin Abdillahi (r.a.) naye alieleza kwamba alimwona Mtume akifanya hivyo, na habari yake iliwapendeza sana waliokuja baada yake, kwa sababu Jarir alisilimu baada ya kuteremka Sura al-Maida yenye aya ya udhu, jambo linaloondoa dai kwamba aya hiyo iliifuta ruhusa. Ndugu zetu Maibadhi wa Zanzibar na Oman, pamoja na Mashia Ithnaasheri, hawaikubali ruhusa hii na wana hoja zao. Wao wanaweza kuyasoma yanayofuata kama tathmini ya soksi za baridi.

Masharti ni machache. Matini ya Abu Shujaa, kitabu kifupi cha fiqhi ambacho wanafunzi wengi wa pwani hukisoma baada ya kile cha Safina, inataja matatu: khuffu zivaliwe baada ya tohara kukamilika, zifunike sehemu ya mguu ambayo ni faradhi kuoshwa, na ziwe zinaweza kutembelewa mfululizo. Wenye kuisherehesha fiqhi ya madhehebu wakaongeza kwamba ziwe tohara, yaani zisiwe na najisi, na kwamba maji yakimiminwa juu yake yasipenye hadi mguuni isipokuwa kupitia matundu ya mshono, ambayo yamesamehewa. Sharti la kwanza linamhusu mvaaji. Yaliyobaki yanaihusu bidhaa, na kati ya hayo lile la kufunika mguu karibu kila khuffu ya dukani hulitimiza bila shida, kwa sababu zote hupanda juu ya vifundo. Wala mtu asihangaike na mdomo wa khuffu kuwa mpana kiasi cha mguu kuonekana kwa anayetazama kutoka juu. Kinachotakiwa ni stara ya chini na ya pande zote, si ya juu.

Ugumu uko katika mwendo. Wanazuoni waliweka sharti la kutembelewa wakiwa na picha ya msafiri anayeshuka kwenye mnyama wake, akafuata maji, akakusanya kuni, akapakia mizigo, yote hayo akiwa na khuffu mguuni. Sisi tunasali juu ya mazulia, tunavua viatu mlangoni mwa msikiti, na tunataka khuffu ibaki mguuni ndani bila kuchafua. Kiwanda kinachotaka kumpendeza mtu wa zulia hutengeneza kitu laini kama soksi. Kinachotaka kumpendeza mtu wa barabara hutengeneza buti. Thamani ya khuffu yoyote, kwa maoni yangu, iko katika jinsi ilivyosuluhisha mvutano huo, na jozi hizi tatu zimeusuluhisha kwa viwango tofauti kabisa.

Jozi ya kwanza ndiyo inayouzwa zaidi na ndiyo ya bei nafuu. Ni ya ngozi laini nyeusi, ina zipu upande wa ndani wa mguu, na soli yake ni kipande cha ngozi ile ile kilichoshonewa chini. Raha yake haina mpinzani: inaingia ndani ya kiatu cha ofisi bila kubana, haipigi kelele, na baada ya muda mfupi mtu husahau kwamba ameivaa. Maji niliyoyamimina juu yake yaliteleza bila kupenya. Hadi hapo ni bidhaa nzuri. Lakini nilipoitembelea bila kiatu kwenye uwanja wa changarawe, soli ilianza kukwaruzika mara moja, na baada ya siku chache za matumizi ya kawaida mshono wa vidoleni ukaanza kuachia. Muuzaji alinijibu kwamba khuffu hizi huvaliwa ndani ya viatu na hazikukusudiwa kutembelewa zenyewe. Jibu lake ni la kweli kama maelezo ya biashara, ila linaivunja hoja yake mwenyewe, kwa sababu sharti linaloifanya iitwe khuffu ni hilo hilo la kutembelewa. Yapo majadiliano ya wanazuoni kuhusu kama uwezo huo unapimwa khuffu ikiwa peke yake au ikiwa na kiatu juu yake, na mimi naona wenye kusema ipimwe peke yake wana nguvu zaidi, kwa kuwa karibu kitu chochote kingefaulu mtihani kama kingelindwa na kiatu.

Kuachia kwa mshono si jambo dogo pia. Katika madhehebu ya Shafi, tundu lolote linaloonyesha sehemu ya mguu inayopasa kuoshwa huiharibu khuffu, liwe dogo namna gani, maadamu ngozi ya mguu inaonekana. Wafuasi wa Abu Hanifa wana nafasi pana zaidi: wao husamehe upasukaji usiofikia kiasi cha vidole vitatu vidogo vya mguu, na Wamaliki husamehe ule usiofikia theluthi ya mguu. Ndiyo maana khuffu nyepesi za aina hii zinawafaa zaidi Waislamu wa Kisunni wenye asili ya Kihindi na Kipakistani walioko miji yetu, ambao wengi wao ni Wahanafi, na wale wanaotoka katika safari za Tabligh, jumuiya ya kulingania dini, ambao wameizoea fiqhi hiyo. Mshafi anayeinunua ajue kwamba inambidi aikague kila anapoivaa, hasa ncha ya kidole gumba na mahali ambapo soli inakutana na kisigino.

Jozi ya pili ni ya ngozi ya ng'ombe, nzito kidogo, na imeongezewa soli ya pili ya ngozi ngumu yenye ukanda mwembamba wa mpira unaozuia kuteleza. Kisigino kimeimarishwa kwa kipande cha ziada, na chini ya zipu kuna ulimi wa ngozi unaofunika mguu hata kama meno ya zipu yana upenyo. Kitu hicho cha mwisho nakithamini kuliko vyote. Zipu si mshono, na mtu anaweza kubishana kama upenyo wa meno yake umesamehewa kama yalivyosamehewa matundu ya sindano. Ulimi ule unaondoa mabishano yote, kwa kuwa mguu umefunikwa na ngozi kamili. Niliitembelea kwenye lami, kwenye changarawe na kwenye udongo wa Njombe uliokuwa na umande, na mbali ya kuchubuka rangi haikupata dhara lolote. Kwenye zulia la msikiti haiachi alama ikiwa imefutwa vizuri, na rukuu na sijda hazipati tabu, ingawa katika kikao cha tahiyatu ya mwisho soli ngumu inaukataa kidogo mguu kulala, na mtu mwenye magoti mabovu ataliona hilo.

Kasoro zake ni za kimwili zaidi kuliko za kisheria. Haiingii katika kiatu cha ofisi cha saizi ya kawaida. Mtu atalazimika kuvaa viatu vya wazi vya kuchomeka, au kununua kiatu kikubwa zaidi ya anachokivaa siku zote. Kwa joto la Dar es Salaam wakati wa kaskazi, kuivaa kutwa nzima ni mateso, na sioni sababu ya mtu kujitesa kwa ruhusa iliyowekwa ili imwondolee uzito. Na bei yake inakaribia ile ya jozi ya viatu vya ngozi vilivyoshonwa na fundi mzuri, kiasi ambacho si kila mtu atakitoa kwa kitu cha kuvaliwa katika msimu au safarini tu. Pamoja na hayo, kati ya zote tatu hii ndiyo pekee ninayoweza kuiita khuffu mbele ya mwalimu wa Kishafi bila kuongeza maelezo.

Jozi ya tatu si ya ngozi. Ni soksi nene za kitambaa zenye tabaka tatu, ambazo tabaka la katikati huzuia maji, na asili yake ni vifaa vya wapanda milima. Wauzaji wamegundua kwamba Waislamu wanazinunua, na sasa wanazitangaza kama khuffu za kisasa. Hapa madhehebu yanaachana waziwazi. Mmaliki hana haja nazo kabisa, kwa kuwa kwake khuffu lazima iwe ya ngozi. Kwa Hanbali, soksi nzito zinazofunika na kujishika zenyewe mguuni zinatosha. Kwa Shafi, malighafi si tatizo: kikiwa kitambaa kizito kinachozuia maji na kinachotembeleka, kinapakwa maji kama ngozi. Jozi niliyoinunua ilizuia maji vizuri mwanzoni, hata nilipousimamisha mguu ndani ya beseni. Baada ya kufuliwa mara kwa mara, unyevu ulianza kuhisika vidoleni, na unyayo wake ukaanza kutoa manyoya. Kwa mtu anayesafiri kwa ndege na kutawadha kwenye vyoo vyembamba vya angani au vya viwanja vya ndege, ni kifaa chepesi kinachoingia mfukoni, na kwa muda ambao kingali kipya nakikubali. Kwa kutembelea bila kiatu, hapana. Soksi za kawaida za pamba, zile za kununua mafungu sokoni, haziingii katika mjadala huu kwa Mshafi, japokuwa wapo wanazuoni wa zama hizi wanaozipa nafasi.

Kabla ya kutoa pesa, wengi wangefaa kutazama kwanza walichonacho nyumbani. Buti za ngozi zinazopanda juu ya vifundo, kama zile za madereva wa malori au za askari, zinatimiza masharti yote ikiwa ni tohara, na hata gambuti za mpira ambazo watu huzivaa wakati wa masika zinayatimiza: zinafunika, zinazuia maji kuliko ngozi yoyote, na zimetengenezwa kwa ajili ya kutembelea kwenye matope. Mlinzi wa usiku, mkulima wa chai Mufindi au fundi aliye juu ya mtambo anaweza kutawadha, akapaka maji juu ya buti zake na kusali nazo pale pale alipo, soli ikiwa haina najisi. Kinachomshinda ni mlango wa msikiti. Akizivua pale ili asichafue zulia, kupaka kwake kumekwisha, na ikiwa alikuwa na udhu wa kupaka basi atapaswa kuosha miguu. Huo ndio msimamo wenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, ilhali Mahanbali humtaka arudie udhu mzima. Kwa mtu anayesali kazini, kwa hiyo, khuffu ya dukani haimwongezei kitu. Kwa anayewahi sala ya jamaa msikitini ndipo jozi ya pili inapokuwa na maana.

Zipu inaleta jambo ambalo boksi halilitaji. Imamu an-Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, alizungumzia khuffu iliyopasuliwa mbele na kufungwa kwa kamba, akaiona inafaa ikiwa mguu hauonekani mtu anapotembea, lakini kamba zikifunguliwa kupaka kunabatilika papo hapo hata kama mguu bado haujaonekana. Zipu za leo hazina tofauti na kamba hizo. Mfanyakazi anayefungua zipu chini ya meza saa nane mchana ili miguu ipate hewa, kisha akaifunga kabla ya sala ya alasiri akidhani yuko pale pale, ameshatoka katika ruhusa. Kwenye jozi ya kwanza, ambayo zipu yake hufunguka kwa urahisi mno, nililiona hili kuwa kishawishi cha kudumu. Zipu ya jozi ya pili ni ngumu, na nilichokiona awali kuwa kero kimegeuka kuwa faida.

Karatasi ya maelezo iliyokuwamo katika moja ya maboksi inastahili ukosoaji wake yenyewe, maana kwa watu wengi hiyo ndiyo darsa pekee watakayoipata juu ya suala hili. Iliandikwa kwamba muda wa saa ishirini na nne, ambao ndio kikomo cha mkaazi kupaka bila kuvua, unaanza pale mtu anapovaa khuffu. Sivyo ilivyo katika madhehebu yetu: muda unaanza pale udhu unapotenguka baada ya kuvaa. Mtu aliyetawadha alfajiri akavaa, udhu wake ukatenguka saa tatu asubuhi, ana nafasi hadi saa tatu asubuhi ya siku inayofuata kama ni mkaazi, na hadi saa tatu asubuhi ya siku ya nne kama ni msafiri. Wako wanazuoni, na an-Nawawi mwenyewe aliliegemea hilo, wanaohesabu kuanzia kupaka kwa mara ya kwanza baada ya kutenguka, jambo linaloongeza muda kidogo. Hakuna sababu ya kuhesabu tangu kuvaa. Karatasi hiyo hiyo ilielekeza kupaka mara tatu, nayo katika madhehebu ya Shafi ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza, na ikachora mkono ukisugua unyayo peke yake. Ali bin Abi Talib (r.a.) amepokewa akisema kwamba lau dini ingekuwa kwa rai, basi chini ya khuffu kungestahiki kupakwa kuliko juu yake, naye alimwona Mtume akipaka juu. Kinachotosheleza faradhi ni kiasi chochote kinachoitwa kupaka, kwenye uso wa juu wa khuffu unaofunika sehemu ya mguu inayopasa kuoshwa. Kupaka chini peke yake, au kwenye kisigino au pembeni peke yake, hakutoshi. Kilicho bora ni kuweka mkono wa kushoto chini ya kisigino na wa kulia juu ya vidole vya mguu, kisha kuuvuta wa kulia kuelekea muundi na wa kushoto kuelekea vidoleni, vidole vya mikono vikiwa vimeachanishwa. Kuziosha khuffu kwa maji tele badala ya kupaka nako hakupendezi, na pia kunaharibu ngozi, hivyo fundi na mwanazuoni wa fiqhi wanakubaliana hapo.

Kuhusu safari, msomaji asichukue kila kutoka mjini kuwa ni safari. Masafa ya kupunguza sala kwa Mashafi ni marhala mbili, ambazo kwa vipimo vya leo huhesabiwa kuwa zaidi kidogo ya kilomita themanini. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo na kurudi bado ni mkaazi na ana siku moja na usiku wake. Anayekwenda Morogoro au Njombe amepata siku tatu, ilimradi safari yake si ya maasi na hajakusudia kukaa huko siku nne kamili. Na aliyeanza kupaka akiwa nyumbani kisha akaanza safari, hukamilisha muda wa mkaazi tu. Hili la mwisho hukosewa sana na wasafiri wa mabasi ya alfajiri, kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mtu aoshe miguu na kuvaa upya kabla ya kutoka nyumbani, ili kupaka kwake kwa kwanza kuwe njiani. Na anapovaa aoshe miguu yote miwili kwanza, ndipo achukue khuffu ya kulia. Akiosha wa kulia na kuuvalisha kabla ya kuosha wa kushoto, sharti la tohara kamili limekosekana. Janaba, bila shaka, haina kupaka: khuffu huvuliwa na josho likakamilishwa.

Aina ya ngozi ni suala ambalo wauzaji wengi hawawezi kulijibu. Ngozi ya mnyama yeyote, hata mzoga, hutoharika kwa kutiwa dabagha, yaani dawa ya kusafishia ngozi mbichi, isipokuwa ya mbwa na nguruwe na kilichozaliwa nao. Ngozi ya nguruwe hutumika sana duniani kama bitana ya viatu kwa kuwa ni nyepesi na ya bei nafuu, na anayetaka kuitambua aangalie vitundu vya vinyweleo vilivyokaa vitatu vitatu kama pembetatu ndogo, ingawa rangi na mihuri ya kiwandani inaweza kuzificha alama hizo. Jozi yangu ya pili ilikuwa na maandishi ya ndani yaliyotaja ng'ombe kwa nje na mbuzi kwa bitana, na hilo peke yake lilinifanya niiamini zaidi kuliko ile ya kwanza, iliyoandikwa tu kwamba ni ngozi halisi. Muuzaji akishindwa kueleza bitana ni ya nini, duka la jirani lipo.

Matunzo hayana siri. Zivuliwe usiku, zikaushwe kivulini, kwa kuwa jua kali la pwani hukausha ngozi hadi ikapasuka, na wakati wa masika zisifungiwe ndani ya mfuko wa plastiki, kwani ukungu utaziingia kabla ya wiki kwisha. Kwenye vyoo vya msikiti zivaliwe kandambili juu yake. Khuffu iliyokanyaga najisi haisaliki hadi ioshwe, na harufu ya khuffu isiyopigwa hewa huwaudhi waumini walio safu ya nyuma wakati wa sijda. Mwenye kisukari azitazame nyayo zake kila jioni bila kukosa, kwa sababu mguu unaofunikwa kutwa unaweza kuficha kidonda asichokisikia, na mguu wenye jeraha una hukumu zake nyingine za bandeji na kutayamamu.

Ni nani basi azinunue? Wanawake wanaofanya kazi maofisini na hospitalini ndio ninaowaona kuwa na haja kubwa kuliko wote, maana kuinua mguu kwenye sinki la ofisi mbele ya watu ni tabu na mara nyingine ni kukosa stara, na jozi nyepesi ikishonewa soli ya pili na fundi viatu inaweza kuwafaa. Wanafuata wakazi wa Njombe, Makambako, Lushoto na Limuru katika miezi ya baridi, na ndugu zetu walioko London au Minneapolis, ambako maji ya bomba wakati wa theluji si ya kuchezea. Kwa mkazi wa Tanga au Mombasa anayeswali nyumbani na msikiti wa mtaa wenye birika, sioni haja. Kuosha miguu kwa Mashafi ni bora kuliko kupaka, isipokuwa kwa mtu ambaye nafsi yake inaikataa ruhusa hii au anayeogopa kukosa sala ya jamaa, ambapo kupaka kunakuwa bora kwake. Mahanbali ndio wanaokupa kupaka daraja la juu.

Wauzaji hupenda kuziweka khuffu katika seti za zawadi za Hija na Umra, pamoja na mkanda wa ihramu na tasbihi, na hapo mnunuzi asikubali. Mwanamume aliyehirimia haruhusiwi kuvaa khuffu, ila akikosa kandambili, na Hadithi ya Ibn Umar imemtaka basi azikate chini ya vifundo, yaani zisiwe tena khuffu za kupakwa maji. Mwanamke anaweza kuzivaa katika ihramu yake, na seti ya namna hiyo, kama ni lazima inunuliwe, inunuliwe kwa saizi yake.